Programu Huria katika Biashara, kwa Mfano wa Kigoma na Ujiji

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika Kiswahili pamoja na kompyuta, yapo machache yaliyokaa vema, na mojawapo ni programu huria. Wanaolitumia zaidi ni wahandisi wa mitandao, yaani mafundi wanaounganisha kompyuta na kompyuta na kuzitunza zisikatike mawasiliano. Watu hawa wana rai yao juu ya kufaa kwa programu hizo katika biashara, na rai hiyo husimuliwa vibaya mara nyingi, kana kwamba wasemalo ni kuwa programu huria ni za bure na kwa hiyo ni nafuu. Hilo silo wasemalo. Makala hii yaeleza rai yenyewe. Na kwa kuwa mambo ya biashara hayaeleweki pasipo mahali, mfano umechukuliwa wa Kigoma na Ujiji, pwani ya Ziwa Tanganyika, mji ulio mwisho wa reli ya kati.

Kwanza yafaa kufahamu programu ni kitu gani. Mtungaji huandika amri kwa lugha maalumu, inayosomeka na kila aliyejifunza. Maandishi hayo huitwa msimbo. Kisha msimbo hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu ambao kompyuta huufuata upesi, lakini mtu hawezi kuusoma ila kwa taabu kubwa. Kampuni nyingi huuza zile tarakimu tu na kuuficha msimbo, hata mnunuzi akapata haki ya kutumia, asipate haki ya kufungua, kurekebisha wala kumpa jirani. Programu huria ni ile inayotolewa pamoja na msimbo wake, na pamoja na leseni inayompa kila aipataye haki ya kuitumia kwa kazi yoyote, kuisoma, kuibadili, na kuigawa kama ilivyo au baada ya kuibadili. Mwanzo wa fikira hii kama harakati yenye jina ni tangazo la Mmarekani Richard Stallman mwaka 1983. Leseni yake mashuhuri, GPL, ilitoka mwaka 1989, na mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo uitwao Linux.

Waingereza na Wamarekani walitaabika na jina. Neno lao moja lina maana ya kutokuwa na bei na pia maana ya kutofungwa, na Stallman amekuwa akieleza kwa miaka mingi kwamba akusudialo ni maana ya pili. Mwaka 1998 watu kadhaa huko California walitunga jina jingine, lenye maana ya chanzo kilicho wazi, ili wafanyabiashara wasidhani wanapewa sadaka. Kiswahili hakikuwa na haja ya mzozo huo. Kina bure na kina huru, na hakuna mzungumzaji anayeyachanganya. Zaidi ya hayo, bure haimaanishi kukosa bei tu. Humaanisha pia kukosa manufaa, kama mtu asemapo kwamba kazi yake imekuwa bure. Anayeiita programu ya aina hii programu ya bure huwa ameitukana bila kujua.

Ama huru, ni neno lenye historia, na pwani ya Ujiji ni mahali pazuri pa kuikumbuka. Katika kamusi za zamani huru ni mtu asiye mtumwa, hasa aliyeachwa huru. Aliyezaliwa katika uhuru aliitwa mwungwana, na kutokana na waungwana wa misafara iliyopitia Ujiji ndipo Kiswahili cha ng’ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kilipopata jina la Kingwana. Basi huru ni hali ya mtu mbele ya mwenye kumiliki, nayo huthibitishwa kwa tendo la huyo mmiliki. Leseni ya programu huria ni tendo la namna hiyo: mtungaji hatupi haki yake, bali anaitumia hakimiliki hiyo hiyo kuifungulia kazi yake. Umbo la huria nalo lilikwisha kuzoeleka kwa maana ya kitu kisichozuiwa watu, kama katika soko huria na katika jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa mwaka 1992. Kwa hiyo istilahi ilikuta njia imekwisha kulimwa.

Sasa rai yenyewe. Mhandisi wa mitandao haulizi kwanza programu inauzwaje. Huuliza itakapoharibika nani ataifungua. Kwa mtu wa Kigoma swali hili si geni. Meli iitwayo Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya masanduku yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli, na kuunganishwa upya Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini kwanza mafundi wao walizipaka injini grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Katika miaka ya 1970 iliondolewa mitambo ya mvuke ikatiwa ya dizeli. Walioiibua na walioitia mitambo mipya hawakuwa wale walioiunda, wala hawakuomba ruhusa kwao. Yaliwezekana kwa kuwa chombo kilikuwa cha kufunguka, kila kipande chaonekana na chaweza kuigwa. Kama mitambo ile ingalikuwa imefungwa kwa siri ambayo ufunguo wake uko Papenburg peke yake, ingelikuwa chuma kilicholala chini ya maji mpaka leo.

Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni yapata kilomita 1,250. Umbali huu ndio unaoipa rai ya wahandisi nguvu yake. Kabla ya nyaya za nuru za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuenea bara, na kabla ya waya wa bahari wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, ofisi ya bara iliyotaka intaneti mara nyingi ilitegemea setilaiti. Setilaiti ya aina iliyotumika hukaa kilomita 36,000 juu ya ikweta; swali hupanda na kushuka, na jibu vivyo hivyo, hata karibu nusu sekunde hupita kabla neno moja halijajibiwa. Njia ilikuwa nyembamba tena ghali. Umeme nao ulitoka katika jenereta za mafuta, maana mkoa wa Kigoma ulianza kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022 tu. Katika hali hiyo programu inayodai kila mara kuwasiliana na mwenyewe ng’ambo, ili ithibitishe kwamba imelipiwa, ni mzigo. Siku mawasiliano yakikatika, duka limefungwa.

Mhandisi aliye na programu huria aliweza kufanya kinyume chake. Kwa mfano, programu iitwayo Squid huwekwa katika kompyuta moja ya ofisi, ikahifadhi kila ukurasa uliokwisha kuletwa, na mtu wa pili akiutaka hupewa ule uliohifadhiwa pasipo kwenda tena angani. Kadhalika marekebisho ya Linux yaweza kushushwa mara moja, yakawekwa katika hazina ya hapo hapo mjini, na kompyuta zote zikachota humo. Leseni inaruhusu, hakuna wa kuombwa. Kompyuta iliyokwisha kuzeeka kwa mfumo wa kununuliwa huweza kutiwa mfumo mwepesi ikahudumu miaka mingine kama ghala ya majalada.

Na ichukuliwe hali ya mfanyabiashara wa dagaa na mawese, mwenye kununua mwaloni Kibirizi na kuuza Bujumbura, Uvira na Kalemie. Hesabu zake zina shilingi, faranga za Burundi, faranga za Kongo na dola. Bei za fedha hizi hubadilika, na wateja wake huandika majina ya mizigo kwa Kiswahili. Mtunzi wa programu ya hesabu aliye Ulaya hakumfikiria mtu huyu, wala si kosa lake. Ikiwa programu imefungwa, mfanyabiashara hana budi kuibadili biashara yake iifuate programu, au kuandika barua na kungoja. Ikiwa ni huria, humwita fundi wa karibu, akamlipa. Fedha atoayo huenda isiwe pungufu kuliko bei ya leseni. Tofauti ni kwamba imemlipa fundi aliye jirani, na ujuzi umebaki mjini.

Hapo yaonekana kwa nini hoja ya bei ni dhaifu. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki programu za kununuliwa zimekuwa zikinakiliwa kinyume cha sheria kwa bei ya kutupa. Anayejali bei peke yake hana sababu ya kuhamia programu huria, kwa kuwa nakala ya wizi nayo karibu haina gharama, na ameizoea. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Tena nakala ya wizi aghalabu haipati marekebisho, ikabaki na matundu ambayo wahalifu wanayajua. Mnamo Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea duniani kwa siku chache kupitia kompyuta ambazo hazikuwa zimerekebishwa. Kwa hiyo mizani ya haki si ile ya programu ghali dhidi ya programu ya bure.

Wafanyabiashara wengine husema kwamba wao hawataki mambo haya. Wamekwisha chelewa. Simu za Android zinazotumiwa mwaloni kutuma fedha zimejengwa juu ya kiini cha Linux, na sehemu kubwa ya seva za dunia hutumia kiini hicho hicho.

Si kila kitu chafaa kufunguliwa na kila mtu. Mashine za stakabadhi za kodi, zilizoanza kutumika Tanzania mwaka 2010, zimefungwa kwa makusudi, na mwenye duka aliyeweza kuzifungua angeweza pia kuzidanganya. Mhandisi mwaminifu hakatai hilo.

Jambo analopaswa kukiri, na ambalo wapenzi wa programu huria hulipitia haraka mno, ni kwamba haki ya kutengeneza si utengenezaji. Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro kubwa katika OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano katika tovuti zisizohesabika. Msimbo wake ulikuwa wazi kwa walimwengu wote, lakini waliokuwa wakiutunza walikuwa wachache mno, na aliyeajiriwa kwa kazi hiyo muda wote alikuwa takriban mmoja. Makampuni makubwa yalikuwa yakiutegemea bila kuulipia. Tena mwenye nguvu aweza kugeuza nia: mfumo wa CentOS, uliopendwa na mafundi wengi kwa seva za ofisi, ulitangazwa mwezi Desemba 2020 kwamba toleo lake la 8 lingekoma mwisho wa 2021, ingawa watu walitazamia litunzwe hadi 2029. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, wengine waliuchukua wakaendeleza mifumo ya kuurithi, Rocky na Alma. Hata hivyo aliyekuwa na seva kumi Kigoma alilazimika kuzihamisha mwenyewe. Ndiyo maana wahandisi wenye uzoefu humshauri mfanyabiashara atenge fedha ya fundi kabla ya kuchagua programu, na asimtegemee fundi mmoja ambaye akihama hakuna mwingine ajuaye alipofunga nini.

Kwa wanafunzi wa lugha jambo hili lina ushahidi wa karibu zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Kiswidi IT+46, kilifanya mradi ulioitwa Kilinux, na mwezi Desemba 2004 ikatolewa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, ambayo orodha zake na maelekezo yake ni kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kumshawishi mmiliki kwamba Waswahili ni soko la kutosha. Leseni ilikwisha kuwapa ruhusa. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kutia Kiswahili katika programu zake, na si vigumu kuona kwamba kuwapo kwa mshindani kulisaidia. Karani wa Ujiji aliyesoma hadi darasa la saba angeweza, kwa mara ya kwanza, kufungua jalada, kulihifadhi na kulichapa pasipo kukariri Kiingereza.

Ila tafsiri ya programu haikamiliki kama tafsiri ya kitabu. Kila toleo jipya huleta maneno mapya, na lugha isiyofuatwa hubaki nyuma, hata karani akakuta nusu ya orodha ni Kiswahili na nusu Kiingereza, jambo linalomchanganya kuliko Kiingereza kitupu. OpenOffice yenyewe iligawanyika mwaka 2010, na LibreOffice iliyotoka humo imeendelea kukiweka Kiswahili cha Tanzania katika orodha ya lugha zake. Mlango huo haujafungwa. Kinachohitajika ni watu wa istilahi wanaolipwa kwa kazi ya kila mwaka badala ya mradi wa miaka miwili, na watakaokaa pamoja na wahandisi. Maana mpaka leo fundi mmoja husema nywila na mwingine nenosiri, mmoja kompyuta na mwingine tarakilishi, na mwenye duka la mawese, asipopewa neno moja la kushika, huuliza tu ni kitufe kipi abonyeze.