Vineno vidogo vinavyobadili maana ya vitenzi vya Kiingereza

MKAZI wa Tongoni, kata iliyo kusini mwa Jiji la Tanga kwenye barabara iendayo Pangani, husema “naenda Tongoni”, “natoka Tongoni”, “naishi Tongoni” na “nimefika Tongoni”. Jina la mahali halibadiliki wala haliongezewi neno lolote, kwa kuwa mwelekeo wote umebebwa na kitenzi. Akitaka kuyasema hayo kwa Kiingereza, mkazi huyo atahitaji vineno vinne tofauti: “go to”, “come from”, “live in” na “arrive at”.

Tofauti hiyo ndiyo inayowatatiza wazungumzaji wengi wa Kiswahili wanapojifunza Kiingereza. Lugha hiyo ina vitenzi vingi ambavyo maana yake hukaa katika kineno kinachofuata. “Look” pekee ni kutazama. Likifuatwa na “after” huwa ni kutunza, likifuatwa na “for” ni kutafuta, na likifuatwa na “into” ni kuchunguza. Vikiongezwa vineno viwili, ikawa “look down on”, maana ni kudharau. Anayetafsiri neno moja baada ya jingine hawezi kuzifikia maana hizo.

Kwa Tanzania Bara jambo hili lina uzito wake. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, wakati sekondari lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukutana na maagizo kama “fill in”, yaani jaza, na “carry out”, yaani fanya au tekeleza. Katika maswali ya historia hukutana na “account for”, yaani eleza sababu za jambo fulani. Anayejua tu kwamba “account” ni hesabu au akaunti ya benki anaweza kupoteza alama katika swali ambalo jibu lake analijua vizuri.

Hatari yaweza kuwapo hata nyumbani. Pakiti nyingi za dawa huandikwa “keep out of reach of children”. Neno “keep” peke yake ni kuweka au kutunza, lakini pamoja na “out of reach” agizo zima humtaka mwenye dawa aiweke mahali ambapo watoto hawawezi kuifikia.

Kiswahili nacho kina njia yake ya kueleza mahusiano hayo, isipokuwa huyafunga ndani ya neno lenyewe. Jina Tongoni, ambalo kwa kawaida hufafanuliwa kuwa ni mahali pa mahame, ni mfano mzuri. Kiambishi “-ni” mwishoni mwake hufanya kazi ambayo Kiingereza huiachia kihusishi. Kisha viambishi vya mahali hueleza zaidi: Tongoni pana magofu ya msikiti wa kale, huko kuna wavuvi, na ndani ya eneo la magofu mna makaburi yenye nguzo.

Vitenzi navyo hunyumbulika. Aliyehama Tongoni ameondoka huko, na aliyehamia Tongoni amekwenda kukaa huko. Herufi moja imegeuza safari nzima. Vivyo hivyo, mtu hukimbia vita na hukimbilia msikitini. Dereva aliyeishiwa mafuta hutumia neno moja, “nimeishiwa”, ambalo limetokana na “isha”. Mwenzake wa Uingereza atahitaji matatu: “run out of”.

Ugumu huu umejulikana kwa muda mrefu. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza iliyochapishwa London mwaka 1755, alieleza kwamba vitenzi vinavyoongezewa vineno vya namna hiyo ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kabisa. Hata hivyo, jina ambalo vitenzi hivyo huitwa leo na wanasarufi wa Kiingereza lilienea baada ya kutumiwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925.

Pamoja na wingi wake, vitenzi hivyo hufuata taratibu zinazoweza kujifunzwa, na yafaa kuvigawa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la kitenzi na kielezi. “Put off” ni kuahirisha. Mtu anaweza kusema “put off the meeting” au “put the meeting off”, na zote ni sahihi. Lakini jina likibadilishwa kuwa kiwakilishi, ni lazima kikae katikati: “put it off”. Kusema “put off it” ni kosa. Baadhi ya vitenzi vya kundi hili havichukui yambwa kabisa, kama “break down”, yaani kuharibika kwa gari au mashine.

Kundi la pili ni la kitenzi na kihusishi, kama “look after” na “wait for”. Hapa viwili hivyo havitenganishwi na yambwa. Husemwa “look after the child” na “look after him”. Haisemwi “look him after”.

Kundi la tatu huunganisha vyote: kitenzi, kielezi na kihusishi. Humo mna “put up with”, yaani kuvumilia, na “look forward to”, yaani kutarajia kwa hamu. Kihusishi daima hufuatwa na jina au neno linalosimama mahali pa jina. Ndiyo maana barua ya kuomba kazi inayomalizika kwa “look forward to hear from you” ina kosa. “To” hapo ni kihusishi, kwa hiyo kinachostahili ni “hearing”.

Makosa mengine ni ya kuacha au kuzidisha. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki husikika “I will pick you” mahali pa “pick you up”. Upande wa pili, watu husema “discuss about” na “cope up with”, ilhali “discuss” haihitaji kihusishi na “cope with” yatosha.

Jambo la kufurahisha ni kwamba baadhi ya vitenzi hivyo vimekwisha kuingia katika Kiswahili vikiwa majina. Gari la pikapu limetokana na “pick up”, na mekapu ya bibi harusi imetokana na “make up”. Sherehe ya sendofu, ambayo familia ya binti huiandaa kumuaga kabla ya ndoa, inatokana na “send off”. Anayetumia maneno hayo huyachukua kama neno moja, na kwa kweli hiyo ndiyo njia sahihi ya kuvijifunza vitenzi vyote vya aina hii.

Mwanafunzi anaposoma kamusi, asiishie kwenye maana ya kwanza ya kitenzi. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1996, ni miongoni mwa zinazoonyesha miungano hiyo chini ya kitenzi kikuu. Ni vyema kila muungano uandikwe daftarini pamoja na sentensi yake na kitenzi kimoja cha Kiswahili kinacholingana nao: “give up” na kukata tamaa, “break into” na kuvunja na kuingia, “break up with” na kuachana na. Katika mfano huo wa mwisho, hata Kiswahili kimehitaji kineno “na” baada ya kitenzi, na hakuna mzungumzaji wa Tanga anayekisahau.