Kidonge cha Kifafa Hakirukwi

Mgonjwa wa kifafa anayeletwa usiku akiwa hana fahamu, mwili bado unakakamaa na kutetemeka, mara nyingi si mgonjwa mpya. Waulize ndugu waliomleta, watakwambia: "Alishapona, tukaona apumzike na dawa." Au vidonge viliisha na nauli ya kwenda kliniki haikupatikana.

Dawa za kifafa hazimalizi ugonjwa kama dawa ya malaria inavyomaliza vimelea. Hutuliza seli za ubongo zisitoe umeme kupita kiasi, na huweza kazi hiyo iwapo tu kiwango chake katika damu hakishuki. Kwa hiyo mtu aliyekaa mwaka mzima bila kuanguka amesaidiwa na dawa; bado anaihitaji. Akiiacha ghafla, hasa fenobabitoni, anaweza kupatwa na degedege lisilokatika, nalo huua. Uamuzi wa kupunguza ni wa daktari, kwa kawaida baada ya miaka 2 au zaidi ya utulivu, tena kidogo kidogo kwa miezi.

Fenobabitoni imetumika tangu 1912 na bado ni tegemeo la zahanati zetu. Ni ya bei nafuu, hukaa mwilini siku kadhaa, na hunywewa mara moja tu usiku. Ubaya wake ni usingizi, na baadhi ya watoto huwa hawatulii darasani, wakachapwa kwa utundu ambao si wao. Fenitoini huvimbisha fizi, basi mswaki usikose. Anayeanza kabamazepini akiona upele au vidonda mdomoni, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Dawa hizi tatu hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya baadhi ya ARV. Valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Muuguzi anayemkabidhi binti dawa hizi bila kumuuliza habari za uzazi hajamhudumia.

Degedege likipita dakika 5, wodini hakuna kusubiri. Muuguzi humlaza mgonjwa kwa ubavu, humsafisha njia ya hewa, humpa oksijeni na kumpima sukari, kwani sukari ikishuka nayo huleta degedege. Kisha diazepamu, mshipa ukikosekana, hupitishwa njia ya haja kubwa. Hapo jicho libaki kwenye kifua, maana dawa hiyo inaweza kupunguza pumzi hadi ikakatika. Ikihitajika fenitoini ya mshipani, huchanganywa na dripu ya chumvi, kamwe si ya glukosi, ambamo hujitenga na kuwa chembechembe. Huingizwa polepole: ikikimbizwa, presha hushuka na moyo huvurugika.

Nyumbani kazi ni ndogo zaidi, ila watu huikosea. Hakuna kijiko cha kutiwa mdomoni. Huvunja meno na kuziba pumzi. Usimkandamize. Sogeza vitu vigumu, mlaze ubavu, angalia saa. Likizidi dakika 5, au likirudi kabla hajazinduka, tafuta usafiri.

Wapo pia wanaokimbia wakiogopa mapovu. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Tanzania, katika miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameangukia mafigani, na waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa mapovu wala kwa hewa. Naumia kwamba hadi leo tunalazimika kulirudia hilo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Kama nyumbani kwako yupo anayetumia dawa hizi, hesabu vidonge vyake leo. Vikibaki vya wiki moja, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda kliniki ukaongezewe.