Taarifa za Wengi Zibaki Mikononi mwa Wengi

Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 yaliukumba mji wa Katesh na vijiji jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Msiba kama huo huleta maswali ya haraka: barabara ipi imekatika, korongo lipi limejaa, kisima kipi kingali salama? Wenye majibu ni wakazi wenyewe; ila majibu yao huzama katika makundi ya WhatsApp, chini ya salamu na matangazo, na asiye katika kundi hayaoni kabisa.

Ipo njia nyingine, nayo ni programu huria. Msimbo wake, yaani maelekezo yanayoiendesha, huachwa wazi ili mwenye ujuzi aukague, aunakili na kuurekebisha. Mfano wa karibu ni Ushahidi, iliyobuniwa Kenya Januari 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi. Wananchi walituma taarifa kwa simu na intaneti, zikaonyeshwa kwenye ramani. Mwaka 2010 programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Kikundi chochote chaweza kuisimika kwenye kompyuta yake na kujiwekea taratibu zake.

Hapa nchini, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam kuchora ramani za maeneo yanayofurika. Kazi yao iliwekwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004 na kujengwa na watu wa kujitolea. Yeyote aweza kuipakua bure katika simu na kuitumia hata pasipo mtandao.

Kata ya Nangwa yaweza kuanza na machache: makorongo, madaraja, visima na njia zinazopitika wakati wa masika. Kila taarifa ihakikiwe na mtu wa pili aliyefika mahali penyewe. Majina ya watu, namba za simu na habari za wagonjwa zisiwekwe. Zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nani akusanye na nani ahakiki, hayo yaamuliwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Ramani iliyochorwa kiangazi ndiyo itakayofaa siku ya mvua.