Komfri: Mzizi mkaidi, hatari kwa ini

Huenda bustanini mwako mna komfri, mmea wa majani mapana yenye vinyweleo ambao wengine huuita mabaki. Hupandwa kwa ajili ya mbolea na lishe ya sungura. Taabu yake ni mizizi. Huzama chini sana, na kila kipande kinachokatwa na jembe huchipuka kuwa mmea mpya.

Ili usisambae, upande ndani ya pipa au ndoo imara, mbali na sukuma wiki na mchicha. Ukiung'oa, chimba mzizi wote na uuanike juani hadi ukauke kabisa.

Kwa nini daktari akueleze haya? Kwa sababu mmea huu ukiingiliana na mboga waweza kuishia sufuriani, na wapo wanaounywa kama chai wakidhani ni dawa. Komfri ina sumu iitwayo alkaloidi za pirolizidini, ambayo huziba mishipa midogo ya damu ndani ya ini. Mizizi na majani machanga ndiyo yenye sumu zaidi, na kuchemsha hakuimalizi. Mwaka wa 2001, serikali ya Marekani iliwataka watengenezaji waondoe sokoni vidonge vya komfri.

Basi usiule, usiunywe, wala usiupake kwenye kidonda kilicho wazi. Mama mjamzito au anayenyonyesha ajihadhari zaidi. Ikiwa umekuwa ukiunywa, na sasa tumbo linavimba, unaumwa chini ya mbavu za kulia au macho yamegeuka manjano, acha mara moja. Nenda hospitalini na umweleze daktari ulichokunywa.

Majani yatandaze shinani mwa mimea mingine. Faida yake iko hapo.