Mwewe, Kipanga na Bundi: Chunguzeni Kabla ya Kuua



Kikundi kikianza kufuga kuku, haipiti muda kabla mwewe hajabeba kifaranga. Hapo utasikia mtu akisema, "Tuweke dawa kwa nyama, ndege hawa waishe." Tafadhali, ngojeni kidogo. Sio kila ndege mwenye kucha kali ni mwizi wa kuku.

Mwewe ni wa rangi ya kahawia, na mkia wake umegawanyika kama panda ya manati. Huyu hushuka uani mchana kweupe na kunyakua kifaranga. Lakini pia huokota panya na mabaki ya sokoni.

Kipanga mwenye mkia mwekundu huonekana sana sehemu za juu, kama Kinangop. Wengi wana kifua cheupe, wengine cheusi. Hukaa juu ya nguzo au mti mkavu akiangalia chini. Anatafuta nini? Hasa fuko, panya na nyoka. Mkulima wa viazi anajua hasara ya fuko, basi huyu ni kibarua asiyedai mshahara.

Bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo hulala darini, hata dari ya kanisa. Wengi wetu tuliambiwa akilia, kuna mtu atakufa. Ukweli ni kwamba anaita mwenzake. Chakula chake kikubwa ni panya, wale wale wanaomaliza mahindi stoo. Humeza panya mzima, halafu hutapika donge la manyoya na mifupa. Mkipata donge lililokauka, lifungueni kwa kijiti mhesabu mafuvu ya panya. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Ubaya wa sumu

Sumu haichagui. Nyama iliyowekewa mwewe italiwa na mbwa wako, na tumbusi pia. Kule India, tumbusi walikufa kwa mamilioni tangu miaka ya 1990 kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa ya diklofenaki. Sababu ilijulikana mwaka 2004, na dawa hiyo ikapigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Mizoga ilibaki ikioza na mbwa koko wakaongezeka. Hapa Kenya, sumu ni kati ya mambo yanayomaliza tumbusi wetu.

Kikundi kifanye nini?

1. Chagueni mtu wa daftari. Kwa mwezi mmoja aandike tarehe, saa, ndege gani, na alibeba nini.
2. Fungieni vifaranga ndani ya kizimba cha wavu au fito mpaka wakomae kidogo.
3. Pandeni vichaka karibu na boma, kuku wapate pa kujificha.
4. Kwa panya, tumieni mitego, paka, na vizuizi vya bati kwenye miguu ya ghala. Bundi akila panya mwenye sumu anaweza kufa.
5. Mkiona ndege wengi wamekufa pahali pamoja, msiwaguse. Piga ripoti kwa KWS.

Katika Mathayo 6 Yesu alituelekeza kuwaangalia ndege. Tuwaangalie basi, kwa macho mawili na daftari moja.

Ya kujadiliana: Mwezi uliopita mlipoteza vifaranga wangapi? Kwa kila mmoja, nani alimwona mwizi kwa macho yake?