Daraja la reli lililobaki likitazama juu

Karibu na pale tawi la kaskazini la Mto Chicago linapoungana na mto wenyewe, kuna lundo la vyuma lililosimama wima juu ya maji, limeshika kutu, huku limezungukwa na maghorofa ya vioo. Mgeni hudhani ni mtambo uliotelekezwa na mkandarasi. Hili ni daraja la reli la Kinzie, na kazi yake ilikoma mwaka 2000.

Treni zilianza kuvuka mto hapo mwaka 1852, na tangu hapo ugomvi ulikuwa mmoja: treni inataka daraja lishuke, meli inataka liondoke njiani. Mwaka 1908 kampuni ya reli ya Chicago and North Western ikajenga hili la kunyanyuka, kwa ubunifu wa Joseph Strauss, ambaye baadaye aliongoza ujenzi wa daraja la Golden Gate kule San Francisco.

Lina mkono mmoja tu, wa karibu mita 52. Wakati huo hapakuwa na daraja la aina yake lililolishinda kwa urefu wala uzito. Siri yake ni ya mizani ya dukani. Upande wa nchi kavu, juu kabisa, limening'inizwa bonge la zege la kusawazisha uzito wa mkono, hivyo mota haikulibeba daraja, ililianzishia mwendo tu. Wengine walitumia chuma kwa uzani huo. Strauss akachagua zege, kwa kuwa ni nafuu. Urembo haukumshughulisha, na inaonekana.

Viwanda vya ukingoni vikahama kimoja kimoja, mpaka mteja wa maana akabaki mmoja: gazeti la Chicago Sun-Times. Mabehewa yalipeleka mabunda ya karatasi hadi kwenye jengo lake kando ya mto, ambako wapita njia walitazama mitambo ikichapa nyuma ya vioo. Uchapaji ulipohamishwa, treni zikakosa cha kubeba. Jengo nalo likavunjwa, na leo panasimama Trump Tower. Sisi tunaokula kwa wino, hapo ndipo habari hii inapotuchoma.

Daraja likanyanyuliwa, likafungwa huko huko juu ili vyombo vipite. Mwaka 2007 jiji likaliweka kwenye orodha ya alama zake za kihistoria, kwa hiyo mwenye mali hawezi kuamka asubuhi na kuliuza kama chuma chakavu.