Kutoka Kambini Hadi Kijijini: Askari Jeshi Anaporudi Uraiani

Kila mwaka Jeshi la Ulinzi la Uganda, UPDF, huwaaga maofisa na askari waliotimiza muda wao wa utumishi. Wengi hurudi walikozaliwa, na si wachache ambao kwao ni katika wilaya zetu za mpakani: Busia, Tororo, Kasese, Kisoro, Kyotera na kwingineko. Katika mikutano ya polisi jamii wananchi hutuuliza swali moja, mara nyingi kwa sauti ya chini: mtu aliyeishi na bunduki kwa miaka ishirini, je, ni salama kuwa jirani yake?

Swali hilo ni la haki, nasi tunapenda kulijibu kwa ukamilifu. Jibu letu kwa ufupi ni hili: hatari haitokani na uaskari aliokuwa nao mtu, bali hutokana na kukosa mahali pa kusimama baada ya kuuacha. Na mahali hapo, kwa sehemu kubwa, hutolewa na jamii inayompokea.

Mafunzo ya historia yetu

Nchi yetu imewahi kuziona njia zote mbili, ya ovyo na ya utaratibu. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka Aprili 1979, jeshi lake halikuvunjwa kwa mpango, lilitawanyika. Hakuna aliyewaorodhesha askari wale, aliyezipokea silaha zao wala aliyewaonyesha pa kwenda. Wengi walivuka mpaka na kuingia Sudan na Zaire ya wakati huo, na baadhi yao wakarudi West Nile wakiwa waasi. Huko Moroto ghala la silaha la kambi ya jeshi lilibaki bila mlinzi, na wafugaji wa Karamoja wakajichukulia bunduki. Wizi wa mifugo uliokuwa ukifanywa kwa mikuki ukageuka vita vya risasi, ukawaumiza pia Waturkana na Wapokot walio ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Operesheni ya kukusanya silaha iliyoanzishwa Julai 2021 kwa jina la Usalama kwa Wote ni mojawapo ya juhudi za kuondoa balaa ambalo mbegu yake moja ilipandwa siku zile.

Njia ya pili ilifuatwa kati ya mwaka 1992 na 1995. Vita vikiwa vimekwisha katika sehemu kubwa ya nchi, Serikali iliamua kupunguza jeshi, na askari zaidi ya 36,000 wakarudishwa uraiani kwa awamu tatu chini ya Bodi ya Kuwasaidia Wastaafu wa Jeshi. Utaratibu wake unastahili kukumbukwa. Askari alikusanywa na wenzake kituoni, akapewa mafunzo ya maisha ya uraiani: namna ya kufungua akaunti benki, sheria za ardhi, afya na kujikinga na UKIMWI. Kisha alisafirishwa pamoja na familia yake hadi wilaya ya kwao. Hakupewa fedha zote kwa mkupuo mmoja. Zilitiwa benki kwa mafungu, karibu na anakoishi. Alipata pia mabati ya kuezekea nyumba, jembe na mbegu, na watoto wake wakasaidiwa karo ya shule.

Wengi waliogopa kwamba ujambazi ungeenea nchi nzima. Mchumi Paul Collier alilichunguza jambo hilo, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 1994. Alichokiona ni kwamba kurudi kwa askari hakukuongeza uhalifu kwa ujumla. Waliopata ardhi ya kulima waliishi kwa amani kama raia wengine. Waliojihusisha na uhalifu kwa kiwango kikubwa walikuwa wale waliorudi wakakosa ardhi. Wazee walilijua hilo kabla ya wachumi, ndiyo maana walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe pale si adhabu kwa mgeni. Ni namna ya kumwambia kwamba sasa yeye ni mwenyeji.

Mambo yanayomsumbua anayerudi

Ili kumsaidia mtu, ni lazima kwanza kujua anatoka wapi. Kambini siku ya askari hupangwa na wengine. Anajua saa ya kuamka, cheo cha anayemwamuru na mipaka ya kazi yake. Mshahara huja mwisho wa mwezi, na nyumba au hema si juu yake. Anapofika kijijini, yote hayo hukatika siku moja. Hapo hakuna amri. Kuna mazungumzo, mikutano ya ukoo, kusubiri mvua na kupatana bei sokoni. Mtu aliyezoea kutii na kutiiwa huweza kuonekana mkali hata asipokusudia.

Lugha yenyewe huweza kumtenga. Kiswahili ni lugha ya majeshi yetu, na katika baadhi ya vijiji wako wazee ambao waliisikia kwanza vizuizini na katika misako. Mstaafu anapopaza sauti kwa Kiswahili cha gwaride, huenda bibi kizee akakumbuka mambo ambayo kijana huyo hakuyafanya. Tunaoishi mpakani tuna nafasi ya kulirekebisha hilo, kwa kuwa kwetu Kiswahili ni lugha ya soko, ya udugu na ya ndoa zinazovuka mpaka.

Nyumbani napo pamebadilika. Mke amejifunza kuamua peke yake kuhusu shamba, ada na magonjwa. Watoto wanamjua baba kwa likizo tu. Akirudi na kutaka kushika kila kitu siku ya kwanza, ugomvi hauko mbali. Zaidi ya hayo, wako waliopigana Somalia, ambako majeshi yetu yalianza kwenda Machi 2007. Baadhi yao hukosa usingizi, hushtuka kwa mshindo mdogo, au hutafuta utulivu ndani ya chupa. Hayo ni majeraha kama yalivyo ya mguu, nayo yana tiba. Hospitali za rufaa za mikoa zina wahudumu wa afya ya akili, na Butabika, jijini Kampala, ni hospitali ya taifa kwa kazi hiyo. Kumpeleka ndugu huko si kumwita mwendawazimu.

Ardhi, fedha na kazi

Mashauri mengi ya wastaafu yanayofika kwetu huanzia kwenye ardhi. Alipokuwa mbali, ndugu yake alilima kipande chake, mpaka ukasogezwa, au ukoo ukauza. Tunawashauri wazee wa koo walizungumze jambo hili kabla mtu hajafika, wala wasingoje apige hodi. Pale panapokosekana maafikiano juu ya ardhi ya mila, shauri lianzie katika baraza la LC2, ambalo sheria imelipa nafasi ya kulisikiliza kwanza. Tusiwasahau askari wa kike. Ukoo unaomgawia shamba mwana wa kiume pekee humrudisha binti yake aliyelitumikia taifa katika hali ileile ya kutokuwa na pa kusimama.

Jambo la pili ni kiinua mgongo. Habari za fedha hizo hufika kijijini kabla ya mwenyewe. Baada yake hufika wauza viwanja visivyo na hati, wakopeshaji wa riba wanaotaka kadi yake ya benki iwe rehani, na mawakala wanaoahidi kazi ya ulinzi ng'ambo. Ni kweli kwamba askari wengi wa zamani wa Uganda walifanya kazi ya ulinzi Iraq baada ya mwaka 2005, na kwa sababu hiyo uongo wa aina hii huaminika upesi. Kanuni zetu ni tatu. Usimkabidhi mtu yeyote kadi ya benki wala namba yake ya siri. Usinunue ardhi bila kuwaita majirani wanaopakana nayo, mwenyekiti wa LC1 na ukoo wa muuzaji. Usilipe ada ya kazi kwa wakala kabla hujahakikisha kwamba ana leseni ya Serikali. Walioweka akiba mapema wana nafuu. Chama cha kuweka na kukopa cha Wazalendo, kilichoanzishwa jeshini mwaka 2005, kimewazoesha askari wengi kupanga kesho yao wakiwa bado kazini.

Kuhusu kazi, mstaafu ana mengi ya kuuza kuliko kulenga shabaha. Yuko fundi wa magari, dereva wa malori, mpishi wa watu mia mbili, mwuguzi, fundi wa redio, mtunza ghala. Anayetaka kuajiri na aulize: ulifanya kazi gani jeshini? Na mstaafu naye aeleze kazi yake kwa maneno ambayo raia anayaelewa, si kwa cheo peke yake. Kwa anayependelea ulinzi, kampuni binafsi zenye leseni huhitaji watu wenye nidhamu. Lakini silaha za kampuni ni za kampuni, na hurudishwa ghalani zamu inapokwisha.

Silaha, sare na njia za panya

Hapa tunasema bila kuzunguka. Utumishi unapokwisha, silaha, risasi na sare za jeshi hurudishwa. Kumiliki bunduki bila cheti ni kosa la jinai kwa kila mtu, awe raia wa siku zote au mstaafu. Akionekana mtu na silaha, au mjane akikuta risasi ndani ya sanduku la marehemu, asiibebe barabarani wala kuizika shambani. Atujulishe, nasi tutakwenda kuichukua. Anayesalimisha kwa hiari yake ametusaidia, na tutampokea hivyo.

Mpakani kuna kishawishi kingine. Wafanyabiashara wa magendo humtafuta mtu anayejua kusoma ardhi usiku, kutembea kimya na kuwatambua walinzi wa doria. Humwita mlinzi wa mizigo au kiongozi wa njia. Malipo ya usiku mmoja huweza kushinda mavuno ya mwezi mzima, mpaka usiku atakapokamatwa au kuuawa. Anayelima, anayefundisha vijana mpira, anayekaa katika kamati ya maji, hupata ujasiri wa kuwakatalia. Anayekaa peke yake kilabuni tangu asubuhi hukubali.

Wajibu wetu sote

Tunamwomba kila mstaafu afike kwa mwenyekiti wa LC1 siku za mwanzo, ajitambulishe pamoja na hati yake ya kustaafu, kisha aihifadhi hati hiyo vizuri, kwa sababu ndiyo itakayomsemea akiwa kizuizini au benki. Tunawaomba wenyeviti wampe nafasi ya kusalimia mkutano, ili watu wamwone uso na kulijua jina lake. Tunawaomba majirani waache kumbandika kila wizi unaotokea. Mtu anayeitwa mwizi kila kuku apoteapo hana sababu ya kuja kutueleza anapowaona wezi wa kweli. Kukiwa na shaka yenye ushahidi, ije kituoni kwa jina, mahali na wakati. Uvumi usitangulie upelelezi.

Kwa upande wetu, maofisa wa uhusiano na jamii wako tayari kukaa na familia kabla ugomvi haujawa kesi, kuthibitisha iwapo kampuni ya ulinzi ina leseni, na kumwelekeza mstaafu katika ofisi za Wizara ya Ulinzi na Masuala ya Wastaafu wa Jeshi pale pensheni inapokwama. Huduma hizo hazilipiwi. Mtu akiombwa fedha kwa jambo lolote kati ya hayo, na atoe taarifa kwa mkuu wa polisi wa wilaya.

Katika wilaya hizi mtu huyuhuyu aliyerudi leo ndiye atakayepiga filimbi ya kwanza wezi wakivuka mto usiku, kwa kuwa anajua namna ya kuwakusanya watu bila fujo. Tumpe shamba, kazi na salamu za kila siku, na elimu aliyopewa kwa kodi zetu itaendelea kututumikia.